Motopompe Iliponyamaza

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Mambasa. Sikusomea sinema hata siku moja. Kamera ya kwanza niliyoishika mkononi ilikuwa ya mpiga picha wa ndoa, naye alininyang'anya mara moja akisema nitaiangusha. Lakini mwaka mmoja wanafunzi watano wa darasa la tano walikuja kunitafuta nyuma ya masomo. Ninataka kuwaelezea yaliyotupata, kwa sababu wazazi wengi wananiuliza: je, ni vizuri vijana wetu kutengeneza filimu ya woga?

“Mwalimu,” mmoja akaanza, “tunataka kufanya filme ya woga kwa sikukuu ya shule. Hapana yote. Mwanzo tu. Dakika mbili.”

Nikawauliza sababu gani mwanzo tu. Msichana aliyeshika kamera baadaye akajibu: “Juu batri ya telefone haiwezi kumaliza filme muzima.”

Tulicheka, lakini jibu lake lilikuwa na akili kuliko alivyofikiri. Mwanzo wa filimu ni kama mlango wa nyumba. Mgeni akisimama pale, anajua tayari kama ameingia nyumba ya arusi au nyumba ya kilio. Ukiweza kutengeneza mlango vizuri, umejifunza nusu ya kazi.

ALAMA AMBAZO KILA MTU ANAZIJUA

Niliwaambia waandike ubaoni kila kitu walichokwisha kuona katika filimu za woga. Ubao ukajaa: usiku, mvua na radi, nyumba ya peke yake, mlango unaofunguka wenyewe, taa zinazozimika, telefone bila rezo, bundi, mtoto anayeona kitu ambacho wakubwa hawakioni, mwanamke mzee mwenye macho mekundu, msitu, mtu anayesema “nakuja sasa hivi” na harudi tena.

Mambo hayo ndiyo desturi za filimu za namna hiyo. Tusiogope neno hilo. Sisi wenyewe tunaishi na desturi kila siku. Ukipita njiani na kuona turubai mbele ya nyumba, moto unawaka mchana, wanaume wamekaa kwenye viti bila kusema na wanawake wamekaa chini, hauna haja ya kuuliza. Ni matanga. Unapunguza sauti na kuvua kofia hata kama haumjui marehemu. Mtu wa sinema anafanya vilevile. Hawezi kukuamuru uogope. Anaweka alama moja, anaweka ya pili, na wewe unajiogopesha mwenyewe.

Lakini kuna desturi zinazovuka mpaka, na nyingine zinazokufa njiani. Katika filimu ya Marekani taa zikizimika, watu wanashika kifua. Hapa Mambasa taa zikizimika, watu wanatafuta tochi na kuendelea kula. Telefone ikikosa rezo, nani atashtuka? Hapa kwetu mtu anashtuka ikipata! Bundi, huyo ni neno lingine. Bundi akilia juu ya nyumba, hata mwalimu mwenye diploma anaangalia juu.

Basi tukachukua kitambaa na kufuta nusu ya ubao.

Halafu nikawaeleza filimu tatu nilizoziona zamani katika nyumba ya video, nilipokuwa mwanafunzi. Ya kwanza ni ile ya George Romero ya mwaka 1968, Night of the Living Dead, iliyotengenezwa kwa pesa kidogo huko Pennsylvania. Inaanza na kaka na dada wanaokwenda makaburini kuweka maua juu ya kaburi la baba yao. Kaka anamtania dada yake, anamwogopesha kwa mchezo. Nyuma yao, mbali, mtu anatembea polepole. Tunafikiri ni mpita njia. Mchezo unageuka kuwa kweli mbele ya macho yetu.

Ya pili ni Jaws ya Steven Spielberg, mwaka 1975. Msichana anaogelea usiku, kitu kinamvuta kutoka chini, na hatukioni. Papa aliyetengenezwa kwa ajili ya filimu ile alikuwa mashine, na maji ya chumvi yakaiharibu mara kwa mara. Kwa hiyo ilibidi wapige picha nyingi bila papa. Ubovu wa mashine ukawa bahati yao, kwa maana kitu usichokiona kinakua ndani ya kichwa chako.

Ya tatu ni The Blair Witch Project ya mwaka 1999. Wanafunzi watatu wanapotea msituni, katika jimbo la Maryland, na waigizaji wenyewe ndio walioshika kamera. Mchawi wanayemtafuta haonekani hata mara moja, tangu mwanzo mpaka mwisho.

“Mumesikia?” nikauliza. “Kwanza maisha ya kawaida. Pili, kitu kidogo kimoja hakiko sawa. Tatu, swali. Halafu munakata.”

Wakaandika katika madaftari. Mimi nikaenda nyumbani nikijiona fundi.

KOKO

Sasa ninafika pahali pa haya. Katika ule ubao uliofutwa nusu, yule mwanamke mzee alikuwa amebaki.

Vijana walisema desturi hiyo inavuka mipaka yote, na kwa kweli inavuka. Iko katika hadithi za Wazungu, iko katika filimu za Nigeria zinazouzwa sokoni, iko katika filimu za Tanzania, iko katika maneno ya watu kisimani. Basi wakamwomba koko mmoja wa kartie yetu. Ni mjane anayeuza sombe, mwenye mgongo uliopinda na macho ambayo moshi wa jikoni umeyafanya mekundu miaka mingi. Akacheka sana na kukubali. Nami nilikuwepo.

Tulimkalisha karibu na moto. Tukampaka majivu usoni. Kijana mmoja akaweka tochi chini ya kidevu chake. Koko alikuwa anatwanga sombe, halafu anageuza kichwa polepole, polepole, mpaka anaangalia kamera. Basi. Sekunde 40. Ilikuwa picha nzuri sana, na ndiyo shida yenyewe.

Vijana wakaionyesha kwa rafiki zao. Rafiki wakaitaka. Kwa siku tatu picha ile ilitembea kutoka telefone mpaka telefone, mpaka kwa watu ambao hawakujua kwamba ni mchezo wa shule. Watoto wadogo wakaanza kukimbia koko akipita. Siku ya Mungu nilimwona amekaa kwenye benchi lake la kila siku, na pembeni yake palikuwa na nafasi ya watu watatu, watupu.

Jioni alikuja nyumbani kwangu. Hakutaka kukaa.

“Mwalimu, mi nalikubali juu ya batoto. Nalisema batoto bacheke. Leo batoto ba njia banakimbia mbele yangu, na mama zabo banabavuta ndani. Sasa sombe yangu nitauzisha kwa nani?”

Sikuwa na jibu. Mimi ninayefundisha watoto kusoma, nilikuwa nimesahau kusoma pahali ninapokaa. Ni huku kwetu Ituri, katika teritware ya Aru, mwezi wa Juni 2001, mamia ya watu waliosingiziwa uchawi waliuawa na majirani zao. Katika miji mikubwa ya nchi yetu watoto walifukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja, mpaka Katiba ya 2006 ikakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto ikaweka adhabu. Huko Hollywood mwanamke mzee wa filimu anaosha uso na kurudi kwake. Hapa kwetu majivu hayaoshwi na maji. Tuliyoyafanya yanaitwa kushuhudia jirani uongo, hata kama hatukusema neno.

Kesho yake nilikwenda na wale watano nyumbani kwa koko. Tulipiga magoti. Prefe alikuja pia, ingawa hakuwa na kosa. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba kuomba watu wafute picha, na katika mkutano wa vijana msichana wa kamera akasimama mbele ya wote na kueleza namna walivyoitengeneza: majivu ya wapi, tochi ya nani. Akamwasha rafiki yake tochi chini ya kidevu, na yeye pia akageuka “mchawi”. Watu wakacheka. Kicheko kile kilisaidia kuliko maneno yangu yote. Watu wengi walirudi kununua sombe. Si wote. Sitawadanganya.

Niliwaambia vijana waache mambo ya filimu. Koko ndiye aliyekataa. “Mumeanza, mumalize,” alisema. “Lakini mutafute mutu mwingine wa kuogopesha.”

NANI ATAKUWA MBAYA?

Tukakaa chini ya mwembe kutafuta huyo mtu mwingine.

Kijana wa kwanza akasema: “Tuweke batu ba chui, ba Anioto.” Ni kweli kwamba wakati wa ukoloni huku kwetu kulikuwa na mauaji yaliyofanywa na watu waliojigeuza chui. Lakini niliwaeleza safari ya picha hiyo. Mwaka 1913 Mbelgiji Paul Wissaert alitengeneza sanamu ya mtu wa chui akimwinamia mtu aliyelala, na sanamu ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Hergé, mchoraji wa Tintin, akaweka mtu wa namna hiyo katika hadithi yake ya Kongo, iliyotoka katika miaka ya 1930 na 1931. Watoto wa Ulaya wakalala usiku wakiogopa nani? Wakituogopa sisi. Mchoraji wetu Chéri Samba alijibu mwaka 2002 kwa kuchora watu wanaovuta sanamu ile kuitoa nje ya jumba. Jumba lilipofunguliwa upya Desemba 2018, sanamu ilikuwa imeondolewa katika maonyesho na kuwekwa chumba cha pembeni.

Na katika sinema ni vilevile. Mwaka 1995 ilitoka filimu ya Kimarekani iliyoitwa kwa jina la nchi yetu, Congo. Mwanzo wake ni kambi ya Wazungu katika msitu wetu. Kambi inaharibiwa, watu wanakufa, na kamera peke yake inabaki ikituma picha. Kwa desturi zote ni mwanzo mzuri. Lakini mtoto wa Mambasa akiangalia, anajifunza kwamba nyumbani kwake ndiyo mahali pabaya.

Kijana wa pili akasema: “Basi tuweke tu musitu. Bwana mmoja anaingia, anasikia kitu.”

Hapo ndipo akasema mwanafunzi mmoja aliyekuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi. Ni kijana wa Wambuti, anasoma kwa shida nyingi, na wenzake walikuwa wamemchukua kwa sababu anajua kuiga sauti za ndege wote.

“Mwalimu, musitu hapana uaka mutu,” alisema. “Mutu njo anauaka mutu.”

Tukanyamaza. Kila mmoja pale alijua kwamba amesema kweli. Tarehe 24 Juni 2012, huko Epulu, watu wenye silaha ndio walioua watu na okapi 14 waliotunzwa pale. Hakuna mti hata mmoja ulioshiriki.

Sisi watu wa vijiji tumezoea kuuogopa msitu. Wambuti wanauita baba na mama. Colin Turnbull, Mwingereza aliyekaa nao karibu na Epulu katika miaka ya 1950, aliandika mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1961. Kama msiba umeingia kambini, alisema, wao hawasemi kwamba msitu umekasirika. Wanasema msitu umelala, na inafaa kuuamsha kwa nyimbo. Basi usiku wanaleta molimo. Wanawake na watoto wanaingia nyumbani. Sauti inatoka mbali, inazunguka, mara kama chui, mara kama wimbo wa mtu, na walio ndani wanasikia tu, hawaoni. Turnbull alitazamia kuona tarumbeta ya zamani iliyochongwa vizuri. Akaona bomba la chuma, sawasawa na mabomba ya maji ya barabarani. Alipoonyesha mshangao, wakamwambia kwamba bomba lile linatoa sauti nzuri na halioze kama mti. Sauti ndiyo yenye maana.

Nikawaambia vijana: molimo si mchezo wala si mambo ya woga, na hatutaigiza kitu cha wenyewe. Lakini somo lile tunaweza kulichukua kwa adabu. Watu wa Epulu waliijua siri ya Spielberg kabla Spielberg hajazaliwa. Usionyeshe kitu, toa sauti.

“Na sauti gani inaogopesha watu ba hapa?” nikauliza.

Walifikiri sana. Halafu msichana wa kamera, ambaye baba yake ni mchimbaji, akasema: “Motopompe.”

“Motopompe inaogopesha nani? Tunaisikia kila siku.”

“Hapana ikilia, mwalimu. Ikinyamaza.”

SHIMO

Ninyi mnaokaa kwenye machimbo hamna haja ya kuelezwa. Motopompe inanguruma usiku na mchana kuvuta maji. Wakati inalia, mke wa mchimbaji analala. Ikinyamaza, anaamka. Ule ukimya ndio unaosema kwamba maji yanapanda. Tarehe 11 Septemba 2020, huko Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa iliingiza maji katika mashimo ya dhahabu, na watu wapatao 50 wakafariki. Kila machimbo yana Kamituga yake ndogo ambayo haikusomwa katika radio.

Basi vijana waliandika mwanzo huu. Ninauandika hapa ili kikundi kingine kiweze kujaribu.

Kioo ni cheusi. Tunasikia motopompe. Halafu tunaona ndugu wawili karibu na shimo wanakula mihogo na kutaniana juu ya koti la arusi: mkubwa anataka kuoa, mdogo anasema koti lile ni la marehemu, PDG aliliuza kwa huruma. Hayo ndiyo maisha ya kawaida, na watu wacheke kabisa. Mdogo anainuka kwenda haja. Tunabaki na shimo peke yake. Kamba inashuka. Ndani kabisa, mwanga wa tochi ya kichwa unapungua mpaka unakuwa nyota.

Motopompe inakohoa. Inanyamaza.

Hapo hakuna muziki. Sekunde kumi za wadudu na pumzi. Mdogo anarudi akikimbia, anashika kamba. Kamba inavutwa kutoka chini mara tatu, na kwa wachimbaji wake hiyo ni alama ya “nipandishe”. Anavuta. Ni zito. Anavuta tena, jasho linatoka. Halafu nyuma yake tunasikia hatua, na sauti ya kaka yake, ya kawaida kabisa. Kaka anasimama pale na bidoni ya esansi begani:

“We, unavuta nani?”

Kamba inavutwa mara tatu tena. Kioo kinakuwa cheusi. Jina la filimu.

Angalieni desturi tulizozitumia: pahali pa peke yake, kijana anayebaki mwenyewe, sauti inayokatika, kitu kisichoonekana, mtu tuliyedhani yuko pale kumbe yuko hapa. Zote ni za zamani. Lakini hakuna mwanamke mzee, hakuna mtoto, hakuna kabila, hakuna msitu. Hakuna mtu yeyote wa Mambasa ambaye kesho yake atakimbiwa njiani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilikataza wasikaribie shimo la kweli hata hatua moja. Walichimba nyuma ya darasa shimo la kufika kiunoni, wakaweka udongo mbichi pembeni, na kamera ikakaa karibu sana hata mtu asione kwamba chini ni karibu. Mwanga unaopotea ilikuwa tochi iliyofunikwa polepole kwa kitambaa cheusi. Na yule aliyekuwa anavuta kamba huko kuzimu? Ni mwanafunzi mfupi kuliko wote, amejikunja juu ya mkeka, anakula karanga. Bomba la chuma, sauti nzuri.

Usiku ulikuwa tatizo kubwa zaidi. Mwisho wa 2002 na mwanzo wa 2003 vita ilipita Mambasa, na maelfu walikimbia kuelekea Beni. Wenye silaha waliipa kazi yao jina la Kifaransa, Effacer le tableau, yaani kufuta ubao. Mimi ni mwalimu. Kila siku ninashika kitambaa kile, na kila siku ninakumbuka kwamba kuna watu walioona sisi ni chaki. Umoja wa Mataifa ulikuja kuchunguza mambo yaliyotendwa. Tangu hapo yamekuja mengine, na katika miaka ya 2020 mashambulizi ya ADF kwenye barabara ya taifa namba 4 na katika vijiji vya teritware yetu. Pahali kama hapa kilio kimoja cha usiku hakiitwi mchezo. Kartie nzima inashika watoto na kuingia porini.

Kwa hiyo tuliweka sheria mbili: hakuna kupiga picha usiku, hakuna kupiga kelele. Shefu wa kartie na wakubwa wa usalama walijulishwa kwanza. Tukatumia njia ambayo Wafaransa wanaiita “usiku wa Kimarekani”: kupiga picha mchana na kuifanya ionekane usiku. Mnakaa chini ya miti minene, jua liwe nyuma ya waigizaji, mbingu isionekane hata kidogo, na mnapunguza mwanga wa kamera mpaka mchana uwe buluu. Kwa telefone ya kawaida inawezekana. Tulijaribu mara saba. Mara ya sita kuku alipita.

SIKU YA KUONYESHA

Sikukuu ilifika. Tulikuwa na projekta ya kuazima, shuka nyeupe na groupe ya umeme iliyonguruma nyuma ya ukuta. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani.

Watu walicheka kwa lile koti la marehemu. Kamba iliposhuka, wakanyamaza. Na motopompe ya filimu iliponyamaza, wanaume sita au saba katika ukumbi walisimama kwa pamoja bila kujua kwamba wamesimama. Mmoja aliangalia taa, akifikiri ni groupe imezimika. Lakini wengine hawakuangalia taa. Waliangalia shimo.

Kijana kwenye shuka akaanza kuvuta kamba. Ukimya ulikuwa mkubwa. Halafu kutoka benchi la mbele kabisa sauti ikapaa:

“Achilia ile kamba, mutoto! Achilia!”

Alikuwa koko. Ukumbi wote ukapasuka kwa kicheko, na pembeni yake, nilihesabu mwenyewe, walikaa watoto watano wamemshika kitenge.

Baadaye baba mmoja alikuja kwangu nje. Alikuwa mmoja wa wale waliosimama. Nilidhani amekasirika. Akaniambia: “Mwalimu, ile ukimya ninaijua. Ndugu yangu alibaki ndani.” Akanyamaza kidogo. “Hii batoto yangu hawakujua. Leo banauliza nani huyo baba mukubwa. Sasa nitabaelezea.” Akaondoka akishika mkono wa kijana wake, na walitembea polepole sana.

Basi, wazazi wanaoniuliza kama ni vizuri, jibu langu ni hili. Woga upo katika nyumba zetu tayari, filimu haikuuleta. Inaweza kuutia mgongoni mwa jirani asiye na kosa, au inaweza kuuweka katikati ya watu ili wauangalie pamoja na kusema majina ya waliokufa. Kamera ni ileile, na desturi ni zilezile.

Na ninyi vijana, mkikaa kuandika mwanzo wa hadithi yenu ya woga, chukueni desturi zote mnazozitaka: giza, sauti, kusubiri, kitu kisichoonekana. Lakini mkifika pahali pa kuandika jina la mwenye kosa, inukeni kwanza. Nendeni sokoni. Nunueni sombe. Mwangalieni usoni yule anayewauzia, halafu rudini muandike.